Injini juu au injini chini?

SWALI: Nafundisha fizikia sekondari, Mbagala. Roketi zetu za chupa ya soda, maji na pampu ya baiskeli hupinduka zikishaacha ardhi tu. Wanafunzi wameona picha ya roketi ya mwanafizikia Mmarekani Robert Goddard ya mwaka 1926, injini juu, matangi yananing'inia chini. Wanauliza: tukiiga mpangilio ule, chupa itanyooka?

JIBU: Hapana, Mwalimu. Goddard mwenyewe aliuacha. Roketi ile iliruka Machi 16 huko Auburn, Massachusetts, kwa petroli na oksijeni ya kimiminika. Ilikaa hewani sekunde 2.5, ikapanda mita 12 na kidogo, ikaangukia umbali wa mita 56. Ndiyo ya kwanza duniani kuruka kwa mafuta ya kimiminika, na heshima hiyo hakuna wa kumnyang'anya.

Alichokosea ni kudhani matangi ya chini yangeivuta isimame wima, kama timazi ya mwashi. Timazi imeshikwa na mkono usiogeuka. Injini imefungwa kwenye roketi yenyewe. Roketi ikiinama, msukumo unainama nayo. Uzito nao hupita kwenye kitovu cha uzito, kwa hiyo hauna nguvu ya kuizungusha irudi. Baadaye aliipeleka injini chini, akatumia jairoskopu, gurudumu linalozunguka kasi na kushikilia mwelekeo wake, kuongoza vibao vilivyogeuza moshi wa injini.

Chupa yenu haina jairoskopu, basi itanyooshwa na upepo wa mwendo wake. Sharti ni moja: kitovu cha uzito kiwe mbele ya kitovu cha msukumo wa hewa. Chupa tupu yenye mapezi hafifu haitimizi sharti hilo, na hapo ndipo ugonjwa wenu ulipo.

Chukueni chupa ya soda ya lita 1.5, ya maji ya kunywa ni nyembamba, msiipe presha. Bandikeni mapezi matatu au manne ya plastiki ngumu karibu na mdomo. Kwenye kitako, ambacho ndicho pua, wekeni gramu 50 hivi za udongo wa mfinyanzi, mfunike kwa koni. Ikiwa haina maji, isawazisheni kidoleni, mpige alama: hapo ndipo kitovu cha uzito. Kisha kateni kadibodi yenye umbo lake la ubavuni, pamoja na mapezi, muisawazishe juu ya ukingo wa rula: hapo ndipo, kwa makadirio, hewa inapoisukumia. Alama ya kwanza iwe mbele ya hii kwa upana wa chupa, kama sentimita 9.

Fungeni uzi wa mita 2 kwenye alama ya uzito, mzungushe roketi juu ya kichwa. Pua ikitangulia, iko tayari. Ikienda kombo au kinyumenyume, ongezeni udongo au mkuze mapezi.

Maji yawe theluthi ya chupa, nusu lita. Yakizidi, hewa ya kuyasukuma inapungua na mzigo unaongezeka. Presha psi 40 inatosha kuanzia. Kila mtu akae mita 10 nyuma, kifyatuzi kivutwe kwa kamba, na chupa yenye mkunjo au mkwaruzo mweupe itupwe kabla haijajazwa.