Ufunguo ulikuwa kwenye koti langu

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita mliuliza: "Kwa nini kazi nyingi za kanisa husimama mchungaji akihamishwa?" Nililisoma swali hilo nimekaa barazani kwenye duka la mbolea hapa Tukuyu, nikisubiri mvua ikatike, nikacheka peke yangu. Jibu la haraka ninalo, na mtaani kwetu kila mtu analo: mchungaji aliyeondoka alikuwa na maono, huyu aliyekuja hana. Nimelitamka jibu hilo kwa mdomo wangu si mara moja, tena kikaoni. Halikuwa kweli, na aliyejua kwamba si kweli nilikuwa mimi.

Wakati huo nilikuwa mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Mtaa wetu, yaani tawi letu la usharika, uko mbali na kanisa kuu, huku juu kwenye miteremko ya Mlima Rungwe, mahali ambapo jua likiwaka siku tatu mfululizo watu wanaanza kuulizana kuna nini. Kuta za kanisa zilikuwa zimeshapita madirisha, tunajiandaa kumwaga zege la lenta. Stoo hatukuwa nayo, basi mifuko 40 ya saruji ikawekwa kwangu, kwenye chumba cha nyuma ninakohifadhi mahindi. Kufuli yangu. Ufunguo mmoja, nao ulilala kwenye mfuko wa ndani wa koti langu. Daftari la ahadi nilikuwa nalo mimi. Michango ya simu iliingia kwenye laini yangu. Namba ya fundi, namba ya dereva wa lori la mchanga, nani amemaliza ahadi yake na nani bado, vyote kwangu, na vingine havikuandikwa popote, nilivihifadhi kichwani. Watu walinisifu: "Mzee huyu anajitoa kweli kweli." Nami nikazidi kujitoa.

Usiku wa kuamkia Jumamosi ya zege mke wangu alishikwa na tumbo. Alfajiri tulikuwa njiani kwenda hospitali Mbeya mjini, mimi na koti langu. Kufika mchana simu ilikuwa imezima. Kule juu akina mama walikuwa wameshateka maji ndoo 60 kutoka mtoni, na anayeijua njia ile ya mtoni anajua maana yake. Vijana wamegonga kokoto wiki nzima. Fundi amefika na watu wake. Kande limeiva kwenye sufuria lililoazimwa kwenye kikundi cha misiba. Wakasubiri hadi saa saba, wakala kande, wakatawanyika. Maji yakabaki kwenye mapipa.

Niliporudi, siku ya nne, hakuna aliyenilaumu. Mgonjwa ni mgonjwa, na mke wangu alipona. Wiki mbili baadaye ikaja barua ya uhamisho, mchungaji akaaga, tukalia, tukampa kuku na mkungu wa ndizi. Mchungaji mpya katika kikao chake cha kwanza akaomba hesabu za ujenzi. Aliuliza kwa upole tu. Mimi nikasikia anasema nimekula pesa. Nikanuna. Ni neno la kitoto, lakini sina jingine. Nikajibu kwamba hesabu zinaandaliwa, na ziliandaliwa miezi mitatu, nami nikitembea kifua mbele huku mtaani watu wakisema: "Tangu mchungaji yule ahame, kazi imelala." Nilikuwa naitikia kwa kichwa.

Aliyevunja kimya ni mwenyekiti wa akina mama, anayeuza ndizi pale stendi. Alisimama kwenye mkutano wa mtaa akasema: "Baba Mchungaji, sisi maji tuliteka. Tunaomba tu kujua kama tuyamwage." Watu wakaangua kicheko. Mchungaji hakucheka. Alinigeukia, akaniomba ufunguo wa kile chumba cha saruji, nikautoa koti likiwa mwilini, na mbele ya wote akamkabidhi yule mama. Hakuhubiri. Alisema tu, "Mama, kuanzia leo utafungua wewe," tukaendelea na ajenda inayofuata, ambayo ilikuwa mapazia.

Walipokwenda kufungua, mifuko 26 ilikuwa imeganda. Kwa unyevu wa huku saruji haitunziki hivyo, tena sakafuni bila mbao chini yake. Kila fundi analijua hilo, hata mimi nililijua. Lakini hakuna aliyeweza kunikumbusha, maana hakuna aliyekuwa akiingia mle ndani.

Nilichukia, sitawadanganya. Nilidhani nimeaibishwa. Siku nyingi zilipita kabla sijafungua Matendo ya Mitume sura ya 6 na kuona alichofanya mchungaji. Habari yenyewe mnaijua: Wayahudi wa Kiyunani, waliosema Kigiriki, pale Yerusalemu walinung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume wakasema wachaguliwe watu saba. Nimesikia sura hiyo ikihubiriwa tangu utoto, na siku zote msisitizo ni kwamba mitume walitaka kubaki na sala na Neno. Sawa. Lakini yasomeni majina ya wale saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao wa Antiokia. Yote ni majina ya Kiyunani. Na huyo wa mwisho hata Myahudi wa kuzaliwa hakuwa, alikuwa mwongofu. Nionavyo mimi, kanisa lile liliwakabidhi meza watu wa upande ule ule uliolalamika. Sisi huku kwetu anayelalamika tunamwita mchochezi, na kikao kijacho haalikwi.

(Yethro, mkwe wa Musa, aliyemshauri agawe kazi kwa wengine, sitamgusa. Kila semina ya viongozi niliyohudhuria tangu ujana imeanza na Yethro, tumeandika "wakuu wa maelfu, wakuu wa mamia" kwenye madaftari, tumekunywa chai, tumerudi nyumbani na funguo zetu.)

Mambo yaliyobadilika baada ya hapo ni madogo, na ndiyo ninayotaka kuyasema kwa kina, maana barua nyingi mtakazopata zitazungumzia maono na upako. Daftari la ahadi lilihamia kwa vijana wawili, mmoja mwalimu wa shule ya msingi, na kukawa na nakala ya pili ofisini usharikani. Michango ya simu iliacha kuingia kwenye laini ya mtu. Tulisajili lipa namba kwa jina la kanisa, na meseji za malipo zikawa zinaonwa na watu watatu. Kila Jumapili kwenye matangazo inasomwa jumla: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Jumla tu. Kuna waliotaka majina ya wadaiwa yabandikwe mlangoni, wakakataliwa, na nashukuru, maana tungekuwa na ugomvi kila Jumatatu. Namba za mafundi na madereva ziliandikwa kwa kalamu ya wino ukurasa wa kwanza wa daftari. Hilo la mwisho linaonekana halina uzito, lakini mimi ndiye niliyekaa na namba zile miaka miwili kana kwamba ni siri ya kanisa.

Kisha mchungaji akachukua likizo. Mwezi mzima, kwao Makete, akatuambia tusimpigie simu. Wiki ya kwanza tulimpiga mara kumi na moja, akapokea mara moja, tena kwa sababu ilikuwa msiba. Mengine mwinjilisti na wazee waliyamaliza wenyewe, mengine waliyakosea. Tangazo la ndoa lilisomwa na jina la bwana harusi wa wiki iliyopita. Dunia haikuisha. Alipoaga mwaka jana kwenda usharika mwingine, kanisa lilikuwa limeshapauliwa, na Jumamosi iliyofuata watu walikuja kupiga plasta kama kawaida. Mimi nilichelewa kufika, nikakuta zege la ngazi limeshachanganywa.

Huku kwetu jambo hili si geni kama tunavyojifanya. Misheni za Kiprotestanti zilifika Rungwe mwaka 1891, Wamoraviani na watu wa misheni ya Berlin, wote Wajerumani. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza yalipoingia kutoka Nyasaland, Malawi ya leo, wamisionari hao waliondolewa, na walianza kurudi miaka ya 1920. Uhamisho gani mkubwa kuliko huo? Waskoti wa misheni ya Livingstonia, huko Nyasaland, walivuka mpaka kuja kusaidia, lakini hawakutosha. Waliobaki na kazi ya kila siku, kufundisha wanaongojea ubatizo, kuongoza sala, kusuluhisha ndoa, walikuwa walimu na wazee wenyeji. Wamisionari waliporudi walikuta makanisa yana watu.

Na kabla ya hao, Wanyakyusa, wenyeji wa huku Rungwe, walikuwa na ubusoka: wana wa chifu na vijana wa rika lao walikabidhiwa nchi wazee wangali hai, na wazee wakasogea pembeni. Mzee mmoja wa hapa aliniambia kwamba chifu mzee hakutarajiwa kuishi sana baada ya hapo. Labda ndiyo maana wenyeviti wa kamati hawapendi kuachia kiti.

Msinielewe kwamba nasifu vikao. Ile ajenda ya mapazia niliyoitaja ilichukua saa mbili na nusu, tukatoka tumegawanyika kati ya zambarau na kijani, na hadi leo madirisha hayana pazia. Kuna mambo ya kumwachia mtu mmoja ayaamue akalale. Msibani, kwa mfano, anatakiwa mtu mmoja wa kusema "tunaondoka sasa", vinginevyo jeneza litakaa juani. Ninachosema ni juu ya ufunguo: uwe na nakala, na nakala iwe kwa mtu ambaye ukimkuta nayo hutaona wivu, au ukiona wivu, utanyamaza.

Mnaweza kuuliza kama yule mama aliwahi kuupoteza. Aliupoteza, mwezi wa pili tu. Kufuli ilivunjwa kwa nyundo, akanunua nyingine kwa hela yake ya ndizi, na nilipotaka kusema neno mke wangu alinitazama.

Ile mifuko 26 hatukuitupa. Vijana waliichana makaratasi wakaipanga nje, upande wa ukuta usiopigwa na mvua sana. Bado ina umbo la mfuko, hata mikunjo inaonekana, na mmoja una alama ya sakafu yangu. Watoto wa shule ya Jumapili wanaikalia wakisubiri ibada ya kwanza itoke. Nikiwahi kufika, mimi hukaa kwenye wa tatu kutoka mlangoni.

Msomaji wenu,
Tukuyu, Mbeya