Kabla hujang'oa kioo cha mashine ya gemu, kipumzishe

Mara ya kwanza nilidhani ni uchafu. Mchezo mpya ulikuwa umefunguka, mandhari yake anga la buluu tupu, na pale chini kulia pakaonekana kisanduku hafifu kama alama ya kiganja chenye mafuta. Nikachukua kitambaa, nikafuta. Nikapuliza, nikafuta tena. Ndipo nikagundua kwamba uchafu ule unasomeka: ilikuwa salio la mchezaji, tarakimu 4, aliyeondoka usiku na kuiacha mashine imesimama palepale hadi asubuhi.

Kazi yangu ni kutunza mashine za gemu ukumbini. Siku hiyo niliandika kwenye daftari la kazi: "Kioo kimeungua, kibadilishwe." Nikaagiza kipya. Niliharakisha.

Kuungua kwa kioo ni habari ya zile CRT za zamani, yaani vioo vinene vya mgongo mkubwa, na plazma, ambazo fosfori yake, ule unga unaotoa mwanga, huchakaa pale picha ilipokaa muda mrefu. Hata OLED, ambayo kila nukta yake hujiwakia yenyewe, huchakaa kwa namna yake. Kioo changu kilikuwa LCD, na pikseli ya LCD, yaani nukta moja ya picha, haitoi mwanga wowote. Mwanga unatoka kwenye taa ya nyuma, na pikseli ni kilango tu cha kuupitisha au kuuzuia. Kilango hicho ni fuwele za majimaji zinazogeuzwa kwa umeme, na umeme wenyewe hubadili upande kila fremu, yaani kila picha moja katika mfululizo, chanya kisha hasi, ili chaji isijilimbikize. Lakini pande hizo mbili hazilingani kabisa. Picha ikisimama saa nyingi, ile tofauti ndogo inajumlishwa, na chembe za uchafu zenye chaji zilizomo ndani ya majimaji zinasogea na kujazana upande mmoja. Ukibadilisha picha, zenyewe bado zipo, zinakivuta kilango. Kivuli unachokiona ndicho hicho. Na joto huziongezea mwendo, ndiyo maana mashine iliyozibwa vumbi kwenye feni huugua kabla ya jirani zake.

Kupima ni rahisi: jaza skrini yote rangi ya kijivu cha katikati. Kwenye nyeupe kabisa au nyeusi kabisa kivuli hujificha, kwa hiyo usiitangaze mashine kuwa imepona kwa kuangalia rangi hizo.

Dawa yake ni kupumzisha, ila kupumzisha kwenyewe ndiko nilikokosea. Usiku wa kwanza niliingia kwenye menyu nikashusha mwangaza hadi sifuri. Kioo kikawa giza, nikaenda zangu nimeridhika. Asubuhi tarakimu zote 4 zilikuwa zinanitazama. Nilikuwa nimezima taa ya nyuma tu, ubao wa umeme wa mashine ukaendelea kupeleka picha ileile kwenye vilango usiku kucha. Kumzimia taa mlinzi aliyesimama hakumfanyi akae. Chomoa umeme, au angalau hakikisha kioo chenyewe hakipati umeme wala picha.

Kama mashine haiwezi kuzimwa, weka skrini nyeupe tupu au picha zinazobadilikabadilika bila kutulia. Muda wa kupona mara nyingi hukaribiana na muda ambao picha ilisimama: saa kwa saa, usiku kwa usiku, na kivuli cha siku nyingi kitataka siku kadhaa. Kiangalie kwenye kijivu kila baada ya saa chache. Kikififia, hata kidogo, subiri. Kisipobadilika kabisa baada ya siku kadhaa za kuzimwa kweli, hapo sasa zungumzia kioo kipya. Na tafadhali, usikikande kwa vidole wala kukipulizia mashine ya kukaushia nywele. Nimeona kioo kilichotoka na madoa mapya kwa tiba hiyo.

Wenye kabati za nyumbani zinazoendesha gemu za zamani kwa kompyuta wana ugonjwa wao peke yao. Kuna mpangilio wa kuingiza fremu nyeusi kati ya fremu mbili ili mwendo uonekane safi. Kwenye LCD ya 120 Hz, yaani fremu 120 kwa sekunde, gemu ikiwa ya 60 Hz, picha inaangukia kila mara upande uleule wa umeme, tuseme chanya, na weusi unaangukia hasi. Ule usawa wote unavurugika, na kivuli kinaweza kujitokeza ndani ya muda wa mchezo mmoja tu. Zima mpangilio huo, au kama kioo kinaweza, nenda 180 Hz, ambapo picha hupishana pande zote mbili.

Kuzuia hakuna mengi. Acha maonyesho ya mchezo yazunguke mashine ikikosa mtu, punguza mwangaza ili kabati lisichemke, safisha feni. Kwenye mashine za kamari programu huwa imeidhinishwa ilivyo, kwa hiyo usipachike chako humo. Tumia menyu ya mhudumu na uishie hapo.

Ile mashine yangu niliichomoa usiku mbili mfululizo. Asubuhi ya pili nililazimika kuinamisha kichwa ndipo nione mkia wa 7, na kufikia jioni, kwenye kijivu kitupu, sikuuona tena. Kwenye daftari nilikata mstari ule kwa kalamu nyekundu. Kioo nilichoagiza bado kimo kwenye boksi lake, kimeegemea ukuta nyuma ya mlango wa stoo.