Jibu: Rehema kamili kwa Rozari ya kila siku

Ndugu, umeuliza kama ni lazima uungame kila siku ndipo upate rehema kamili (yaani Kanisa Katoliki kukuondolea adhabu yote ya muda inayobaki baada ya dhambi kusamehewa) kwa Rozari unayosali nyumbani. Hapana. Kitubio (maungamo) kimoja kinatosha kwa rehema kamili kadhaa, mradi kiwe ndani ya siku 20 hivi kabla au baada ya sala hiyo. Komunyo na sala kwa nia za Baba Mtakatifu (Baba Yetu na Salamu Maria zinatosha) ndizo hutakiwa upya kwa kila rehema kamili, na rehema kamili ni moja tu kwa siku. Ila ukisali peke yako chumbani, hiyo ni rehema isiyo kamili, inayoondoa sehemu tu ya adhabu. Isali kanisani au pamoja na familia, makumi matano (mafungu matano ya Salamu Maria kumi kumi) mfululizo, ukitafakari mafumbo, yaani matukio ya maisha ya Yesu na Maria.

Kazi hasa iko moyoni: usishikamane na dhambi yoyote, hata ndogo. Si kwamba hutaanguka tena, la! Ni kwamba huna dhambi unayoilea, kama ule umbeya mtamu ambao hata hufikirii kuuacha. Dhambi zimeshasamehewa kwenye Kitubio. Rehema inaondoa adhabu ya muda inayobaki. Unaweza kumtolea marehemu aliye toharani (anakotakaswa kabla ya kuingia mbinguni), lakini si mimi niliye hai, hata nikikubembeleza.