Sefu ya bunduki na nafuu ya kodi: maswali yenu

Wasomaji wetu walioko Marekani wameuliza kuhusu nafuu ya kodi kwa wanaonunua vifaa vya kufungia silaha.

Nafuu hii hupatikana wapi, dukani au wakati wa kujaza fomu za kodi?

Inategemea jimbo. Washington, Massachusetts na New Jersey zimeondoa kodi ya mauzo kwenye sefu za bunduki. Huombi chochote: risiti hutoka bila kodi hiyo. Massachusetts hutoza asilimia 6.25, kwa hiyo sefu ya dola 800 inakuokolea dola 50. Kufuli la bunduki la dola 15 linakuokolea senti 94 tu, na sidhani kuna mtu aliyeamua kununua kufuli kwa ajili ya senti hizo.

Virginia ina utaratibu mwingine. Tangu mwaka wa kodi wa 2023, gharama ya kifaa, hadi dola 300, hukatwa kwenye kodi yako ya mapato. Hapo lazima udai mwenyewe.

Nipo Virginia. Sefu ni dola 450, na kodi ninayodaiwa mwaka huu ni dola 180. Nitarudishiwa dola 120 zilizobaki?

Hapana. Punguzo linaifuta kodi hadi sifuri, basi. Pia kuna kikomo cha dola milioni 5 kwa mwaka kwa jimbo zima, hivyo usichelewe kuomba.

Niliinunua duka la vifaa vya ujenzi. Kuna shida?

Ndiyo, na wengi hukwama hapa. Virginia inatambua manunuzi kutoka kwa muuza silaha mwenye leseni ya serikali kuu pekee. Sefu inaweza kuwa ileile kabisa, lakini risiti ya duka lisilo na leseni hiyo haikusaidii. Uliza kabla ya kulipa.

Kufuli la kebo halitoshi?

Kwa kumzuia mtoto asifyatue, linasaidia. Kwa mwizi, hapana. Atabeba bunduki na kebo yake. Huenda tayari unalo: sheria ya taifa ya 2005 inamtaka muuzaji mwenye leseni atoe kifaa cha usalama kwa kila bastola anayomuuzia raia.

Kwa bastola yenye kitelezi (sehemu ya juu inayovutwa nyuma): toa magazini, yaani kasha la risasi, kwanza, kisha vuta kitelezi nyuma ukague chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kwa macho na kwa kidole. Pitisha kebo kwenye tundu la kutokea maganda hadi itokeze pale magazini inapoingia, ndipo ufunge. Ukianza na kitelezi magazini ikiwa bado ndani, kitelezi kikirudi kinaingiza risasi nyingine kwenye chemba.

Kufuli la kifyatulio nalo usilifunge kamwe kwenye silaha yenye risasi. Pini yake hupita palepale kwenye kifyatulio na inaweza kukisukuma.

Sefu yangu ina kilo 90. Lazima niikaze sakafuni?

Ikaze. Kipimo cha UL 1037 cha sefu za nyumbani (UL ni shirika la Marekani la kupima usalama wa bidhaa) kinataka zilizo chini ya pauni 750, yaani kama kilo 340, ziwe na namna ya kukazwa. Sefu ya kilo 90 ikilazwa chini, wezi wawili wenye mtaimbo wanaweza kuung'oa mlango, au waibebe wakaifungulie kwao. Tumia boliti za zege, au kwenye sakafu ya mbao, skrubu nene zinazoshika boriti. Ubao wa juu peke yake hung'oka. Risasi zifungie kwingine, kwa ufunguo tofauti.