Batiki mita 200 za sare: muhuri wa mkono au skrini?

Mkuu, umesema hoteli ya Zanzibar inataka batiki mita 200 za sare, nawe unafikiria kuzichapa kwa skrini, ile fremu yenye wavu wa kupitishia rangi, ili uwahi. Kwa oda hiyo, hapana. Rangi ya skrini inakaa juu juu. Ukigeuza kitambaa, nyuma kumepauka, na mnunuzi wa batiki kitu cha kwanza anageuza. Skrini ipe mifuko na vitambaa vya meza, uviuze kama vitu vya kuchapwa, si batiki, na kwa bei ya vitu vya kuchapwa.

Kasi itafute kwenye muhuri. Kata ua kwenye sponji ngumu ya godoro, ibandike kwenye ubao wenye mshikio, uwe unaichovya kwenye nta ya moto na kugonga kitambaa. Gawa oda vipande 40 vya mita 5. Muhuri wa sentimita 20 kwa 20 utagongwa zaidi ya mara 125 kwa kipande, yaani zaidi ya mara 5,000 kwa oda nzima, na hiyo ni kupaka nta mara moja tu. Rangi mbili, zidisha. Kwa hiyo brashi ibaki shingoni na kwenye pindo, jicho linakotua. Andaa mihuri mitatu inayofanana mapema: nta ya moto inakula kingo za sponji, ua linaishia kuwa doa.

Nta yenyewe, nta ya parafini (ile ya mishumaa) mbili kwa nta ya nyuki moja. Parafini ikizidi, mipasuko inazidi, na kwenye sare hiyo ni kero. Nta iliyopoa inaganda nyeupe juu ya kitambaa na rangi inapita chini yake. Iliyopata moto sawasawa inazama. Kagua kwa nyuma, paonekane kama karatasi iliyomwagikiwa mafuta. Ikianza kutoa moshi, epua, na usithubutu kuimwagia maji.

Kinachoharibu oda kubwa hasa ni rangi. Zamisha vipande kumi kwenye beseni moja uone: cha kwanza kimekolea, cha kumi kimefifia, kwa sababu rangi imenyonywa na haidrosalfaiti, ule unga unaoisaidia rangi kuingia kwenye kitambaa, imeisha nguvu. Weka vipande viwili, mwaga, koroga upya. Pima kwa mizani ya gramu, kijiko kinadanganya. Kopo la haidrosalfaiti lifungwe kila ukichota, unyevu wa pwani unaliua. Rangi ya kazi yote nunua siku moja. Iyeyushe pembeni kwa maji ya moto, kisha imimine kwenye beseni la vuguvugu, la sivyo nta italegea. Kostiki soda inatiwa kwenye maji, kamwe si maji juu ya soda, na glovu mkononi. Usihukumu rangi ikiwa bado imelowa. Ianike, ipate hewa, ikauke, ndipo uilinganishe.

Yote hayo ni bure kama hukutoa wanga wa kiwandani kwenye kitambaa: kiloweke usiku kucha, fua kwa maji ya moto na sabuni. Kitambaa kitarudi, yaani kitapungua urefu, kwa hiyo nunua angalau mita 10 za ziada.

Kabla ya kupokea advansi, kata sampuli moja katikati, msaini nusu zote mbili, kila upande ubaki na yake. Andikeni kuwa rangi inaweza kupishana kidogo kati ya kipande na kipande. Meneja asiyekubali hilo anataka kitambaa cha kiwandani, mwelekeze dukani.