Tazama taa ya LUKU kabla hujamlaumu mtu

Katika nyumba nyingi za kupanga Dar es Salaam, umeme ukiisha kabla ya wakati hutafutwa mtu wa kubeba lawama. Mtoto aliyelala na taa inawaka. Mpangaji wa chumba cha uani ambaye redio yake haizimwi. Binti wa kazi anayepiga pasi usiku. Nimeishi miaka mingi katika nyumba za namna hiyo, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo mimi ndiye ninayekusanya michango na kununua tokeni, kwa hiyo lawama hizo zote hupitia kwangu. Nilichojifunza ni kwamba anayelaumiwa mara nyingi sana siye. Umeme una walaji wake wakubwa, na mita ya LUKU (ya kulipia umeme kabla) iliyopo ukutani inawafahamu wote, ila inataka mtu mwenye subira ya kusimama mbele yake akiwa na saa.

Kwenye uso wa mita kuna taa ndogo, kwa kawaida nyekundu, inayopepesa. Jirani yake pameandikwa namba: 1000 imp/kWh kwa baadhi ya mita, 1600 kwa nyingine. Namba hiyo inakuambia taa itapepesa mara ngapi mpaka uniti moja iishe. Na uniti moja ni umeme unaoliwa na kifaa cha wati 1000 kikifanya kazi saa nzima. Basi kadiri taa inavyokimbia, ndivyo pesa yako inavyokimbia.

Zima kila kitu ndani ya nyumba na uchomoe, kisha washa kifaa kimoja tu unachotaka kukijua. Hesabu sekunde kutoka mpepeso mmoja hadi unaofuata. Kama mita yako ni ya 1000, chukua 3600 ugawanye kwa sekunde hizo. Jibu ni wati. Kama ni ya 1600, badala ya 3600 chukua 2250. Kifaa kinachopepesesha taa haraka mno, hesabu mipepeso kumi, kisha gawanya muda wote kwa kumi. Pasi ya wati 1200 kwenye mita ya 1000 inapepesesha taa kila baada ya sekunde tatu. Balbu ya LED ya wati 9, ukiiwasha peke yake, utasimama pale karibu dakika saba ukisubiri taa ipepese mara moja. Ukishayaona hayo mawili kwa macho yako, hutamfokea tena mtoto kwa sababu ya balbu.

Ambao mita yao iko juu ya nguzo na ndani wana kibodi cha kuingizia tokeni tu, hawataiona taa. Wao wasome salio la uniti kabla na baada ya saa moja au zaidi ya matumizi. Kariakoo vinauzwa pia vipimo vidogo vya kuchomeka kwenye soketi, halafu kifaa chako unakichomeka juu yake. Vinakusomea wati na uniti moja kwa moja. Kama mko wapangaji kadhaa, changeni mnunue kimoja kizunguke.

Kabla hujapima kifaa chochote, pima nyumba ikiwa tupu. Zima kila kitu, chomoa kila kitu, kisha iangalie ile taa. Ikiendelea kupepesa, kuna umeme unaokwenda mahali usipopajua: waya umechubuka na unavuja, pampu imesahaulika nyuma ya nyumba, au kuna mtu ameungwa kwenye laini yako. Hapo usiendelee na hesabu. Ita fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa sababu umeme unaovuja ukutani haumalizi uniti tu, unaua watu.

Sasa tuje kwenye friji, na hapa nitakaa, maana ndilo linalokula kimyakimya katika nyumba nyingi za kawaida. Friji haliwezi kupimwa kwa dakika mbili. Kompresa, yaani ile mashine inayovuma nyuma yake, huwaka, ikapumzika, ikawaka tena. Ukilipima linapovuma utaona wati 120 hivi, ukilipima limetulia utadhani halili kitu. Lipime usiku. Wakati wa kulala, acha friji peke yake, andika salio, na asubuhi kabla mtu hajawasha chochote andika tena. Gawanya tofauti kwa saa zilizopita, zidisha kwa 24. Friji dogo lenye afya, kwa joto la Dar, litakupa uniti moja kwa siku au chini kidogo. Likikupa mbili au zaidi, hilo ni gonjwa au limewekwa vibaya.

Jirani yangu mmoja alikuwa na friji kubwa la mtumba, na wenzake walikuwa wanamtaka achangie mara mbili. Tulilipima: kompresa ilikuwa haipumziki kabisa. Tuliligusa ubavuni, lilikuwa la moto. Limebanwa kwenye kona, mgongo umegusa ukuta, na upande mmoja kuna jiko la gesi. Friji kazi yake ni kutoa joto ndani na kulitupa nje kwa nyuma. Ukilinyima hewa, linalifukuza joto lilelile usiku na mchana. Tulilivuta kutoka ukutani kiasi cha kiganja, tukalihamisha mbali na jiko, tukafuta vumbi kwenye zile nyaya za nyuma. Kisha tukapima mpira wa mlango: funga noti katikati ya mlango na mwili wa friji, uivute. Ikitoka bila kukwama, hewa ya joto inaingia hapo saa zote. Mpira wake ulikuwa umelegea upande wa chini, na kuubadilisha kulimgharimu kidogo kuliko alichokuwa anakilipa kwenye LUKU. Baada ya hapo kompresa ikaanza kupumzika. Barafu nayo isiachwe inenepe kwenye kuta za friza. Ikifika unene wa nusu sentimita, iyeyushe. Usichokonoe kwa kisu.

Baada ya friji, tafuta chochote kinachotengeneza joto. Hita ya bafuni ile inayofungwa kwenye bomba la mvua inakula wati 3,500 hadi 5,500. Mtu mmoja akioga dakika kumi kwa hita ya wati 4,500, ameondoka na robo tatu ya uniti. Familia ya watu wanne wakioga asubuhi na jioni, hizo ni uniti sita kwa siku, na hakuna balbu itakayozifikia. Aliyeko Njombe au Mbeya mwezi wa Juni simwambii azime hita, ningekuwa namwonea. Namwambia afupishe muda, na kama ni nyumba yake mwenyewe afikirie hita ya jua juu ya paa. Kwa Dar, miezi mingi maji ya tangi yanatosha.

Birika la umeme linasingiziwa. Wati zake ni nyingi, 2,000 hivi, lakini kazi yake ni ya dakika chache: lita moja na nusu ya maji hadi ichemke ni kama sehemu ya sita au ya saba ya uniti. Hasara iko kwenye kujaza birika kwa ajili ya kikombe kimoja, na kuchemsha tena maji yaliyokwisha chemka. Chupa ya chai ya bibi zetu inalimaliza tatizo hilo. Pasi ndivyo hivyo hivyo. Kinachopoteza ni kuipasha upya kila asubuhi kwa shati moja. Piga nguo za wiki kwa mkupuo, anza na za kitambaa kigumu, malizia na laini ukiwa umeshazima.

Kiyoyozi kinahitaji hesabu ya peke yake. Kile cha ukubwa wa BTU 12,000 kisicho cha inveta (yaani kompresa yake huwaka na kuzima tu, haipunguzi mwendo) hula wati 1,000 na kitu kompresa ikiwa inafanya kazi. Pangaboi hula kati ya 50 na 75. Weka kiyoyozi kwenye nyuzi 26, washa na pangaboi taratibu, safisha vichujio vyake kila mwezi, na ziba upenyo chini ya mlango. Kulala kwenye nyuzi 18 huku umejifunika blanketi ni kulipia baridi usiyoitaka.

Halafu kuna kingamuzi. Watu huzima runinga kwa rimoti wakaridhika. Kingamuzi cha nyumba niliyomo sasa kinapepesesha taa kila baada ya dakika tano, kikiwa kimewashwa, na kikizimwa kwa rimoti tofauti ni ndogo mno. Dakika tano ni sekunde 300, yaani wati 12 kwa mita ya 1000. Zidisha kwa saa 24 na siku 30: zaidi ya uniti nane kwa mwezi, nyingi zikiliwa wakati hakuna anayetazama. Zima kwenye soketi.

Upande wa kupika, kipimo kinaweza kukubadilishia mawazo kabisa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, lakini ukimtajia mama wa nyumbani jiko la umeme, jibu ni kwamba litamaliza LUKU. Kwa jiko la koili ana haki. Maharage juu ya koili yanaweza kula uniti mbili. Lakini jiko la umeme la presha hufunga mvuke ndani, likishapata joto linajizima na kuwaka kidogo kidogo, na maharage yaliyolowekwa yanaiva kwa chini ya nusu uniti. Kwa bei ya kawaida hiyo ni chini ya shilingi 180. Dar es Salaam pesa hiyo hainunui mkaa wa kuivisha maharage. Pima mwenyewe kwenye LUKU yako, soma salio kabla ya kufunika na baada ya kuiva.

Na usinunue vile vidubwana vya kuchomeka kwenye soketi vinavyotangazwa mitandaoni kuwa vinapunguza umeme nusu. Kama unavyo tayari, vichomeke, kaa mbele ya mita, hesabu mipepeso. Taa haitabadilisha mwendo.

Nimeacha mwisho jambo linaloniuma zaidi, nalo ni mita moja kwa familia nyingi. Wateja wa majumbani wanaotumia kidogo wako kundi la D1: hadi uniti 75 kwa mwezi, kila uniti ni shilingi 100, na ukijumlisha VAT asilimia 18, REA (wakala wa nishati vijijini) asilimia 3 na EWURA asilimia 1, inakuwa 122. Kundi la kawaida la T1 ni shilingi 292, ambayo na makato hayo inafika 356. Chukua familia tatu, kila moja inatumia uniti 40 kwa mwezi. Zikiwa na mita zao, kila moja ingelipa shilingi 4,880. Zikiwa kwenye mita moja zinatumia uniti 120, zinaangukia T1, na kwa pamoja zinalipa 42,720, yaani 14,240 kila familia. Hawa ni watu wa kipato cha chini, wanaotumia umeme kidogo, na wanalipa karibu mara tatu kwa sababu tu wamechangia mita. Kisha wanagombana wao kwa wao juu ya redio. Mwenye nyumba anayeweza kuwaombea wapangaji wake mita zao TANESCO awaombee, hata kama gharama watairudisha kidogo kidogo kwenye kodi.

Kama hilo haliwezekani kwa sasa, fundi afunge mita ndogo kwa kila chumba, baada ya LUKU. Haitawapa bei ya D1, ila kila mtu atalipia alichokula. Wekeni daftari moja. Somo lichukuliwe tarehe moja kila mwezi, wawili wakiwepo, na kila mmoja achangie kulingana na uniti zake. Kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 inakatwa humo humo kwenye LUKU, iandikwe pembeni na apelekewe mwenye nyumba, maana ni ya kwake.