Shabu haitoi chumvi kisimani

Swali: Assalamu alaykum. Kisima chetu hapa Shela kimeingia chumvi tangu tuweke pampu. Nimechuja maji, nimetia shabu, nimechemsha. Yametakata kabisa, lakini baada ya kuchemsha naona chumvi imezidi. Kuna mtu anauza unga anaosema hukata chumvi ukiulaza majini usiku mmoja. Ninunue? Nina mtoto wa miezi mitatu. (Mama, Lamu)

Jibu: Wa alaykumu salaam, mama. Usinunue. Unga huo huja kwa majina mengi na mchezo ni ule ule: muuzaji huchota maji ya tope, hutia kijiko, na baada ya muda tope limetua na maji juu ni maangavu. Watu hustaajabu, hutoa pesa. Hiyo ni kazi ya shabu, na shabu haihusiani na chumvi hata kidogo.

Tope halijayeyuka. Ni chembe za udongo zenye chaji hasi, zinasukumana, ndiyo maana hukaa zikielea. Shabu huondoa msukumano huo, zikagandamana na kutua. Chumvi ikiingia majini hutengana: sodiamu yenye chaji chanya, kloraidi yenye chaji hasi. Molekuli ya maji nayo ina upande wa oksijeni ulio hasi kidogo na upande wa haidrojeni ulio chanya kidogo, kwa hivyo maji huzizingira chembe hizo moja moja na kuzishikilia. Hazitui hata ungoje mwaka, na kitambaa hakizizuii.

Linalonikera ni watu kudhani kwamba kisichoonekana hakipo. Gramu 100 za maji hubeba takriban gramu 36 za chumvi na bado yakabaki maangavu. Maji ya bahari yana kama gramu 35 kwa lita nzima, yaani sehemu ya kumi tu ya uwezo huo. Sasa chumvi ya kisima itatua kwa sababu gani? Maabara huiteremsha kloraidi, yaani huifanya igande na kutua, kwa nitrati ya fedha ili kuipima, lakini hayo si maji ya kunywa tena. Sodiamu haina hata kitu cha kawaida cha kuiteremsha. Unga wowote unaoyeyuka humo unaongeza mzigo.

Kuhusu kuchemsha, ulimi wako haukukosea. Mvuke huondoka, chumvi hubaki; maji yakipungua nusu, kila kikombe kina chumvi maradufu. Ule ukoko wa birika unaowadanganya wengi ni chokaa iliyotoka kwenye mawe ya matumbawe. Chokaa huganda kwa moto, chumvi haigandi. Endelea kuchemsha kwa ajili ya vijidudu, ila funika sufuria na usiyaache yachemke kwa muda mrefu.

Muuzaji akikung'ang'ania, kausha kikombe kimoja cha maji kabla ya unga wake na kingine baada yake, kila kimoja katika sufuria safi. Linganisheni weupe uliobaki.

Chumvi hutoka kwa njia chache: kukusanya mvuke, au kuyasukuma maji kwa shinikizo kubwa kupita kwenye utando maalumu. Ukipata mtambo wa utando, maji ya chumvi yanayobaki yasimwagwe karibu na kisima. Nafuu zaidi ni maji ya mvua ya jabia (birika kubwa la kuhifadhia maji), kunywa yenyewe au kuchanganya. Na pampu ipunguzwe. Chini ya mchanga wa Shela maji matamu huelea juu ya maji ya bahari. Kwa kanuni, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huhimili kama mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo, kwa hivyo ukivuta kwa pupa, bahari hupanda.

Wasomaji wengine wenye visima karibu na vyoo nao wasikilize. Nitrati kutoka kwenye shimo la choo huyeyuka vilevile. Haina rangi, haina harufu, na kuchemsha huizidisha. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita, na wanaodhurika kwanza ni watoto wachanga, kwa kuwa huifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Hapo pia kuna watu wanaouza unga.

Kwa mtoto wako, mama: kama anatumia maziwa ya kopo, usiyakoroge kwa maji ya kisima hicho mpaka maabara iyapime chumvi na nitrati.